Kiatu Cheupe Kilichorudi kutoka Magu

Jumamosi, saa moja jioni. Pasiansi, Mwanza.

Mvua ya asubuhi imekwisha lakini ziwa bado ni la kijivu, na wadudu wa ziwani wameijaa taa ya baraza mpaka nimeizima. Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi, simu mapajani. Sentensi ya kwanza nimeifuta mara nne.

Leo nilitaka kuandika kuhusu samaki.

Nilikuwa nimeshapanga kichwani tangu jana: sato wa nazi niliyejifunza kumpika, na jinsi Jovin anavyofumba macho akionja kitu alichokipenda, halafu anasema "Mama, mama, mama" polepole kama anasali. Mnaonisoma mnanijua. Nina miezi minne ya ndoa na bado nikisikia lango linalia nakimbilia kioo. Wiki iliyopita niliandika ukurasa mzima kuhusu miswaki miwili kwenye kikombe kimoja bafuni, wa kwake wa bluu na wangu wa pinki, inavyoegemeana asubuhi kama watu wawili wasiotaka kuamka. Mkaniwekea mioyo mingi. Mmoja akasema ameisoma akiwa kazini akalia.

Kikombe hicho nitakirudia. Kwa sasa siwezi.

Kwa aliyeingia hapa leo kwa mara ya kwanza: mume wangu anaitwa Jovin, Mhaya wa Muleba, fundi wa majokofu kwenye kiwanda cha samaki. Alikuja kwenye ndoa na binti yake, Koku, mwenye miaka minane. Mama mzazi wa Koku alifariki mtoto akiwa na miaka mitatu. Koku ananiita Anti Sofi. Nilimwambia aniite anavyotaka, nikatabasamu, kisha nikaenda jikoni kusubiri siku atakayoniita kitu kingine. Huo ndio ukweli wangu na sijawahi kuuandika.

Koku ni mtoto wa wasiwasi. Hilo nililijua kabla ya harusi. Mlango ukigongwa anasimama. Ukimwambia "narudi sasa hivi" anauliza sasa hivi ni saa ngapi. Anakula taratibu huku anawatazama watu wote mezani, mmoja mmoja, kama mtu anayechunga mizigo yake stendi. Na tangu tuoane, kila Jumamosi asubuhi tumbo linamuuma. Jumatatu siyo, siku ya mtihani siyo. Jumamosi tu. Tulimpeleka zahanati, wakapima choo, wakapima damu, hakuna kitu. Wakampa dawa ya minyoo. Jovin akasema ni maembe ya Ijumaa. Mimi nikawa namchemshia tangawizi na kumwambia, "Acha woga mama, utapona."

Niliona pia anaanza kujiamini. Nilikuwa nimeandaa hata maandishi kuhusu hilo. Mtoto aliyekuwa hataki kutoka uani akaanza kwenda bombani na ndoo ndogo ya lita kumi, anajitwisha mwenyewe, anarudi shingo imenyooka na maji yanamchuruzika masikioni. Akaniomba nimfundishe kuwasha jiko la mkaa, wakati sisi tunatumia gesi. Akaniomba nimfundishe kusalimia kwa Kisukuma, lugha ya kwetu. Anaamka asubuhi, anasimama mlangoni kwetu, "Mwangaluka," na mimi namjibu "Mwangaluka" huku moyo unayeyuka, nikimwambia Jovin chini ya shuka, unaona, mtoto ananipenda.

Sasa nisimulie kuhusu kiatu.

Kwenye harusi yetu Koku ndiye aliyeshika maua. Alivaa gauni la rangi ya maziwa na viatu vyeupe vyenye utepe mdogo mbele. Bibi yangu, Bibi Minza, alikuja kutoka Magu na kundi zima la ukoo wetu. Mnajua bibi na mjukuu ni watani, na kwetu anayeoa mjukuu anauoa na utani huo wote, yeye na watoto wake. Bibi ni mtani wa kutisha. Wakati wa chakula alikwenda pale Koku alipokaa, akamvua kiatu kimoja, akakinyanyua juu mbele ya ukumbi wote.

"Sikilizeni, Wahaya," alisema. "Mmemchukua Sofi wangu anayenitekea maji. Sawa, mchukueni. Na mimi nachukua huyu. Kiatu hiki naondoka nacho Magu. Siku mtakayokiona kimerudi, jueni gari linakuja nyuma yake, Jumamosi, kumchukua mwenye nacho."

Ukumbi ulicheka mpaka meza zikatikisika. Upande wa Jovin walipiga vigelegele, mjomba wake mmoja akasema mchukueni na mkoba wake kabisa, anakula kidogo hatawasumbua. Mimi nilicheka nikafuta machozi kwa pembe ya shela. Kwenye video ya harusi hiyo sehemu tumeirudia mara nyingi, sebuleni, Koku akiwa amekaa katikati yetu.

Kwenye video Koku naye anacheka. Leo mchana nimeitazama tena bila sauti. Mdomo wake ndio unacheka. Mguu usio na kiatu ameuficha nyuma ya ule mwingine.

Baada ya harusi alikuwa akiniuliza mara kwa mara, "Anti, bibi wa Magu anakuja lini?" Nikadhani amempenda bibi yangu. Nikadhani anakitaka kiatu chake. Nikawa namjibu kwa furaha yote niliyo nayo, na hapa naomba nisome mwenyewe polepole nilichokuwa namwambia mtoto yule:

"Usijali, atakuja tu. Kiatu chako kitarudi."

Nilimwambia hivyo kwa miezi minne.

Jana bibi alituma mzigo kwa basi. Michembe kilo kadhaa, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, karanga, na ndani ya kipande cha khanga, kile kiatu. Alikuwa anafanya usafi amekiona, akaona akirudishe kabla mguu haujakua. Hakukuwa na zaidi ya hapo. Nilikichukua stendi nikitokea dukani kwangu Mabatini, ninakoshonea mapazia, nikafika nyumbani Koku ameshalala. Nikapata wazo.

Mimi na mawazo yangu mazuri.

Leo asubuhi niliamka mapema, nikakisugua kiatu kwa dawa ya meno mpaka kikang'aa, nikakifunga utepe wa bluu uliobaki kwenye pazia la mteja, nikakiweka kwenye sahani mezani pembeni ya bakuli la uji wake. Jovin alikuwa ameshakwenda zamu. Nilimwamsha Koku nikamwambia, "Kuna kitu kizuri mezani kinakusubiri. Mimi nakwenda Kirumba kununua samaki." Nikambusu utosini. Nikamwomba jirani yetu, Mama Asha, ambaye tunatumia naye ua mmoja, amwangalie. Nikatoka naimba.

Mvua ilinikamata sokoni. Nikajibanza na wauza samaki karibu saa nzima, nikicheka nao, nikijisifu kuhusu mume wangu. Mama mmoja akaniambia, "Wewe bado una hina ya harusi kichwani." Nilirudi saa nne na dakika kadhaa na sato wawili kwenye mfuko.

Koku alikuwa amekaa langoni.

Alikuwa kwenye kile kijiwe kilicho chini ya bati, ndani ya gauni lake la harusi, ambalo kifungo cha juu kilikuwa hakifungi. Nywele amejipaka mafuta mwenyewe, yameshuka mpaka kwenye paji la uso. Viatu vyeupe miguuni, vyote viwili. Mkoba wa shule mapajani, ameukumbatia. Pembeni yake ile ndoo ndogo.

Mama Asha alikuwa amesimama mlangoni kwake na kikombe cha chai. "Shoga, huyu mwanao tangu umetoka yuko hapo. Nimemwambia ingia ndani mvua hii, ananiambia shikamoo, nasubiri gari. Nikasema labda mna harusi hamkutualika."

Nilicheka. Naliandika hilo kwa sababu nimeapa kuandika yote. Nilicheka, nikachuchumaa mbele yake na mfuko wa samaki, nikauliza, "Bibi harusi, unaelekea wapi?"

"Magu."

"Magu kwa nani?"

"Kwa bibi. Kiatu kimekuja." Akaangalia mfuko wangu. "Uji nimeuacha, Anti, nimeufunika. Sikutaka nitapike kwenye gari la watu."

Hakuwa analia. Ndicho kilichonipiga. Angelia ningejua la kufanya, ningembeba. Alikuwa ameketi vizuri, magoti pamoja, na adabu zake zote, kama mtu aliyeitwa ofisini.

"Koku," nikasema, "ule ulikuwa utani."

"Najua," akasema.

"Sasa kama unajua?"

Alikuwa anatafuta namna ya kunieleza bila kunikosea heshima, niliona kabisa. "Hata baba alisema tunakwenda kusalimia tu," akasema.

Sikuelewa. Nikamwomba mkoba. Akanipa mara moja, kama unavyompa askari. Nikaufungua pale pale langoni, Mama Asha akiwa ameshaweka kikombe chini.

Kulikuwa na sare ya shule imekunjwa. Kulikuwa na chupi tatu na soksi. Kulikuwa na kiberiti, kwa ajili ya jiko la mkaa la bibi. Kulikuwa na daftari la hesabu ambalo halijaandikwa hesabu. Nikalifungua. Kwenye kila ukurasa, chini kwenye kona, ameandika namba ya simu ya baba yake. Kila ukurasa, mpaka jalada la mwisho. Nikamuuliza mbona mara nyingi hivi.

"Ukurasa ukichanika," akasema.

Na chini kabisa, ndani ya karatasi ya mkate iliyofungwa kwa uzi wangu wa kushonea, mswaki. Mdogo, wa kijani, brashi zimelala kwa sababu umetumika muda mrefu.

Nilikaa chini kwenye matope.

Kikombe chetu, jamani. Miswaki miwili inayoegemeana. Niliandika maneno mia nane kuhusu miswaki miwili, kwenye nyumba yenye watu watatu, na hakuna siku hata moja nilijiuliza wa tatu uko wapi.

"Huu umeuweka humu lini?" nikamuuliza.

"Siku ile ya harusi. Nikipiga mswaki naurudisha."

Alikuwa ameishi nyumbani kwake miezi minne kama mgeni wa kulala. Ndoo ya maji, jiko, salamu ya Kisukuma, vyote nilivyoviita kujiamini. Alikuwa anajiandaa kwa kazi aliyoambiwa anakwenda kuifanya, tena bila kumsumbua mtu.

Mama Asha alimbebea ndoo, mimi nikambeba yeye. Ni mzito kuliko nilivyodhani, na moyo wake ulikuwa unakimbia kama wa kuku aliyeshikwa. Nilimpigia Jovin. Sikujua niseme nini, nikasema tu, "Njoo nyumbani, hakuna aliyekufa, njoo." Akaomba ruhusa, akafika kwa bodaboda, ndevu zina barafu ya kiwandani iliyoyeyuka.

Nilimwonyesha daftari. Alifunua ukurasa, akafunua mwingine, akafunua mwingine. Kisha akakaa kwenye kochi na buti zake, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Nikamuuliza, "Safari ya kusalimia ni ipi?"

Hajawahi kunisimulia hili. Mama yake Koku alipofariki, Jovin alichanganyikiwa, akampeleka mtoto kwa mama yake Muleba. Ndugu walimshauri asimwambie, asije akalia melini. Kwa hiyo alimwambia Koku wanakwenda kumsalimia bibi, siku mbili tu. Akamvalisha gauni zuri. Usiku wa pili, mtoto akiwa amelala, baba akaondoka kurudi Mwanza kazini.

Siku mbili hizo zilikuwa miaka miwili na nusu.

"Nilijua amesahau," Jovin akasema. "Alikuwa mdogo."

Koku alikuwa amesimama kwenye kona ya kabati anasikiliza. "Nilivaa la njano," akasema.

Mume wangu ni mwanaume wa kifua kipana anayeinua kompresa peke yake. Leo nimemwona akijifunika uso kwa daftari la mtoto.

Sikumpenda dakika ile. Nilishangaa nafsi yangu, maana tangu nimjue sijawahi kukaa hata dakika bila kumpenda. Nilimtazama nikaona mtu aliyemdanganya mtoto wa miaka mitatu, na wakati huo huo nikajiona mimi, mwanamke aliyemfungia mtoto huyo huyo kiatu kwa utepe na kumwekea kwenye sahani. Tukawa wawili kweli, sawasawa kwenye kikombe.

Nikasema tumpigie bibi. Nilidhani ndiyo dawa. Bibi aliyefunga ndiye afungue. Nikaweka sauti ya nje, simu juu ya meza, Koku akasimama mbele yake kama mbele ya mwalimu.

"Haloo, mke mwenzangu," bibi akaitika baada ya kusikia pumzi ya mtoto, maana anamwita hivyo. "Kiatu umekiona?"

"Shikamoo bibi. Mwangaluka. Nimekiona. Gari linakuja saa ngapi?"

Na bibi yangu, ambaye amefanya utani miaka sabini na ulimi wake hauna breki, akacheka. "Gari? Liko njiani, dereva anamalizia chai. Umeshafunga mizigo?"

"Ndiyo," Koku akasema. Akainama, akavaa mkoba mabegani, mkanda mmoja halafu wa pili.

Sijawahi kumpigia kelele bibi yangu. Leo nimenyakua simu. "Bibi, basi. Nakuomba basi. Mtoto ana mkoba mgongoni. Anakuamini. Amekuamini tangu harusi."

Nikasikia kuku wa Magu, nikasikia redio ya mtu kwa mbali.

"Mweke mtoto kwenye simu," bibi akasema mwisho. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Koku. Unanisikia, mjukuu wangu?"

"Nakusikia bibi."

"Hakuna gari. Halikuwepo, halitakuwepo. Mimi ni mtu mzima na nimesema uongo mbele ya watu, watu wakacheka, nikaona raha. Kiatu nimekirudisha kwa sababu ni chako tu. Sikuchukui. Nikitaka kukuona nitakuja mimi, nitalala hapo kwenu, na nitaondoka mwenyewe kwa miguu yangu. Umesikia?"

"Nimesikia." Koku akafikiri. Bado mkoba uko mgongoni. "Sasa maji atakutekea nani?"

Nilimsikia bibi akivuta pumzi, na nadhani alikuwa analia, ila bibi ni bibi.

"Maji? Mwanangu, mimi nina bomba uani tangu zamani. Na huyo Sofi wako hajawahi kunitekea hata kikombe. Alikuwa mvivu, akitumwa maji anajifanya anaumwa jino."

Koku akageuka akanitazama. Mtazamo mrefu, wa mtu anayehakiki habari.

"Ni kweli," nikasema. "La chini, upande wa kushoto."

Kitu kidogo kilipita mdomoni kwake. Siwezi kusema alicheka. Lakini safari hii macho yalikuwepo.

Nilitaka tuishie hapo. Kwenye kichwa changu cha mapenzi mambo huwa yanaishia hapo, watu wanakumbatiana, mvua inakatika. Nilimkumbatia nikaanza, "Umeona? Sasa usiogope tena," na nikahisi mwili wake ukikakamaa mikononi mwangu. Nikakumbuka tangawizi. Acha woga mama, utapona. Miezi minne namwambia aache kitu bila hata kuuliza ni kitu gani.

Nikamwachia. Nikamuuliza, "Bado unaogopa?"

"Ndiyo."

"Kiasi gani?"

Akaonyesha kwa mkono, usawa wa kifua. Asubuhi, akasema, ilikuwa hapa, akaonyesha juu ya kichwa. Nikasema sawa. Tukakaa chini kwenye sakafu, wote watatu, na Jovin akavua buti.

Jovin ndiye aliyezungumza, na nilianza kumpenda tena taratibu, kama maji yanavyorudi bombani. Hakumwambia asiogope. Alimwambia, "Nilikudanganya. Muleba. Nilipaswa kukuaga nikakutoroka. Ulilia?"

"Nilikaa mlangoni," Koku akasema. "Bibi akasema utarudi jioni."

Jovin alitikisa kichwa muda mrefu. Kisha akamwahidi kitu kimoja tu, anachoweza kukitimiza: hakuna mtu atakayempeleka popote, hata dukani, bila kumwambia siku ya kwenda na siku ya kurudi. Na akiambiwa, anaruhusiwa kukataa.

Koku hakuishika ahadi hiyo hivi hivi. Aliijaribu, kama unavyogonga tikiti sokoni.

"Kesho kanisani tunarudi saa ngapi?"

"Saa sita."

"Ikifika saa sita na nusu?"

Jovin akavua saa yake ya mkono, akamvalisha. Ilipanda mpaka karibu na kiwiko. "Ikifika saa sita na nusu wewe ndiye unasimama, unasema baba, muda. Hata kama naongea na mchungaji."

"Na mchungaji akikasirika?"

"Utamwonyesha saa."

Alikaa na saa ile mchana kutwa. Tulikula sato wa nazi, na hakuwa mzuri, nazi ilikatika. Koku alikula wake na kipande cha baba yake. Saa tisa alitangaza ni saa tisa. Saa kumi akasema viatu vyeupe vinambana, tena vimekuwa vinambana tangu asubuhi, akavivua, akauliza kama anaweza kumpa Asha wa jirani. Nikasema ni vyake, afanye anavyotaka. Akampelekea mwenyewe, peku, akavuka ua bila kugeuka nyuma. Nilimhesabia hatua dirishani. Mama Asha akampokea, akasema kwa sauti niisikie, "Kwa hiyo harusi imeahirishwa?"

"Ilikuwa utani tu," Koku akamjibu. Alivyolitamka neno hilo, utafikiri anamwonya.

Jioni aliufungua mkoba. Hatukumwambia. Alirudisha sare kabatini, akarudisha soksi, akaniletea kiberiti jikoni. Daftari hakurudisha, ameliweka chini ya mto. Saa mbili kasoro, wakati nimeshaanza kuandika haya, alikwenda bafuni. Nilisikia maji. Kisha akatoka, akapita nyuma yangu, na nikasikia ile karatasi ya mkate inakunjwa.

Ameurudisha mswaki mkobani.

Nilikuwa nimeshainuka, najua. Mkono wangu ulikuwa umeshafika mlangoni, nimeshapata lile wazo zuri, nikanunue mswaki mpya wa njano, niuweke katikati ya ile miwili, nimwite aje aone. Nikakiona tena kichwani kile kiatu cha asubuhi, kwenye sahani. Nikarudi nikakaa.

Sijui atauacha kwenye kikombe baada ya usiku mmoja au baada ya mwaka mzima. Yeye ndiye ana saa. Nilichofanya ni kimoja: nimeingia bafuni nikaisogeza miswaki yetu upande mmoja wa kikombe, wa bluu na wa pinki, ibanane huko huko, ili upande wa pili ubaki wazi. Sijamwambia mtu, isipokuwa ninyi.

Sasa hivi ameniita kutoka chumbani. Anataka kujua kesho nitaamka saa ngapi.

Nimemjibu saa kumi na mbili na nusu. Nimeweka kengele kwenye simu, nami leo naogopa kuchelewa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote.